Coco Beach alfajiri: Wanaokimbia pamoja, wanaouguzana pamoja

Dar es Salaam. Saa 11 na nusu alfajiri ya Jumamosi, kabla wauza madafu hawajapanga bidhaa zao, Barabara ya Toure iliyo kando ya Ufukwe wa Coco huwa tayari imechangamka. Bajaji inashusha wawili, gari linaegeshwa, mwingine anatokea kwa miguu upande wa Msasani akiwa na chupa ya maji mkononi. Watu wanafunga kamba za viatu na kunyoosha mapaja huku wameshikana mabega wasianguke. Wengine bado wanapiga miayo.

Ukisikiliza salamu zao, utagundua jambo. Wakishajuliana hali, swali linalofuata mara nyingi linahusu mwili. Goti linaendeleaje? Kisigino kimepoa? Ulifika hospitali?

Hawa si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wahasibu, wauguzi na wafanyabiashara. Yumo mama aliyerudi mazoezini baada ya uzazi, na baba aliyeambiwa kliniki kuwa presha yake imepanda. Wanatafuta afya, na wameona ni rahisi kuitafuta wakiwa wengi.

Hata hivyo, mbio zina siku zake mbaya. Kundi halipimwi siku ya kupiga picha na medali shingoni. Linapimwa siku mmoja wao anapoanza kuchechemea.

Kutoka Coco hadi Kivukoni

Anayekimbia kutoka Coco kwenda mjini anapita moja ya njia nzuri za mazoezi jijini. Bahari iko kushoto, miti mikubwa ya Oysterbay iko kulia, na upepo wa asubuhi bado una ubaridi kidogo.

Mbele yake ni Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03, lililoanza kutumika mwaka 2022. Lina njia za waenda kwa miguu, hivyo mkimbiaji halazimiki kugombania barabara na magari. Akiwa juu yake, upande mmoja anaona bahari iliyo wazi, upande wa pili mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi na daraja la zamani la Salender.

Akishuka anapita Hospitali ya Aga Khan, kisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, anazunguka jirani na Ikulu na kutokea Kivukoni, ambako harufu ya samaki wa Feri humpokea kabla hajaliona soko. Hapo wengi hugeuza.

Dar es Salaam ni jiji la joto na unyevu. Kuanzia Desemba hadi Machi jasho hutoka jingi lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana wakimbiaji huanza mapema, ili jua likipanda wawe wamekaribia kumaliza.

Lakini alfajiri ina giza, na giza lina hofu yake, hasa kwa mwanamke aliye peke yake. Kundi hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo. Watu huvaa nguo zinazoonekana, hukimbia upande wa kulia wa barabara ili wayaone magari yanayokuja, na hawaachani. Katika makundi yaliyokomaa, mtu mmoja mwenye uzoefu hukaa nyuma kabisa. Kazi yake ni kuhakikisha wa mwisho hafiki peke yake.

Nyimbo za mitaani

Oysterbay si mahali pekee watu wanapokimbia. Temeke, Mbagala, Ilala na Kinondoni kuna klabu za jogging ambazo wakazi huzisikia kabla ya kuziona. Fulana ni za rangi moja, filimbi inapulizwa, kiongozi anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia huku miguu ikipiga lami kwa pamoja.

Nyimbo hizo zina faida ya kiafya ambayo wengi hawaifikirii. Huwezi kuimba huku unakimbia kwa kasi ya kukata pumzi. Wimbo unalilazimisha kundi kwenda mwendo wa wastani, ambao mgeni, mnene na mzee wote wanaweza kuumudu. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo kama hicho: mtu anayeweza kuzungumza sentensi nzima wakati anakimbia hajajizidishia.

Klabu nyingi pia zina utaratibu wa kuchangiana. Mwanachama akilazwa, akijifungua au akifiwa, wenzake hufika. Kwa familia nyingi, watu wa jogging wameshakuwa ndugu wa mtaani.

Kwa nini maumivu huja unapojisikia vizuri

Mtu akianza kukimbia, moyo na mapafu huzoea upesi. Ndani ya wiki chache pumzi inatosha, usingizi unakuwa mzuri, na anatamani kuongeza kilomita. Mifupa na kano huchelewa. Huhitaji miezi kujiimarisha ili kubeba uzito mpya. Kwa hiyo pumzi inamruhusu kwenda mbali wakati miguu bado haijawa tayari.

Hapo ndipo maumivu yanapoingia. Kwa mmoja ni mbele ya goti, kwa mwingine ni ugokoni, kwenye kano ya kisigino au chini ya unyayo hasa anapokanyaga sakafu asubuhi. Mengi ya maumivu haya hutulia mtu akipunguza mazoezi mapema na kurejea taratibu.

Yapo yasiyotakiwa kusubiri. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, yanayouma ukiibonyeza kwa kidole, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia au yanayokuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Ukiendelea kukimbia, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aongeze mazoezi, na si mjamzito, naye amwone daktari, kwa sababu hiyo ni dalili kuwa mwili haupati chakula cha kutosha na mifupa iko hatarini.

Aliyeteguka kifundo cha mguu aache kukimbia, ainue mguu, aufunge bandeji isiyobana sana na kuweka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara. Mazoea ya nyumbani ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua siku hiyohiyo huongeza uvimbe. Akishindwa kabisa kukanyaga, aende hospitali akapigwe picha.

Ukimya wa Januari

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakimbiaji wengi wa Dar es Salaam husafiri kwenda Moshi. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, ina mbio za kilomita 42.2, kilomita 21.1 na kilomita tano. Huanzia na kumalizikia Uwanja wa Ushirika, na njia ya mbio ndefu ina mlima wa kuelekea Mweka ambao wageni husimuliana kwa miaka.

Ukihesabu kurudi nyuma, maandalizi yake yanaangukia Desemba na Januari, wakati joto la Dar limepamba moto. Mtu aliyezoea tambarare, ambaye mlima wake mkubwa ni mwinuko wa Daraja la Tanzanite, anatakiwa kuongeza kilomita katika miezi migumu kuliko yote.

Fikiria mzazi wa Tabata ambaye goti lake linaanza kuuma Januari. Ameshalipia ushiriki, nauli na chumba Moshi. Ameshawaambia wafanyakazi wenzake. Kwenye kundi la WhatsApp, kila asubuhi wengine wanatuma picha za kilomita walizomaliza. Akisema anaumwa, anahofia ataambiwa mvivu, au mbaya zaidi, atasahaulika. Anaamua kunyamaza.

Anapita duka la dawa, ananunua diklofenaki na kumeza kabla ya kukimbia. Maumivu yanapungua, jeraha linabaki palepale. Dawa za aina hiyo zinaweza kuumiza tumbo, na zikikutana na mwili uliopungukiwa maji kwa jasho jingi, figo zinaweza kupata shida. Maumivu yalikuwa yanamwonya, naye ameyazima.

Chanzo cha hatari hapa ni hofu ya kupoteza watu. Goti linaweza kupona kwa wiki kadhaa za mapumziko, lakini mtu hawezi kupumzika kwa amani ikiwa anaamini kupumzika ni kufukuzwa.

Kazi za asiyekimbia

Makundi yanayodumu yamelijibu tatizo hilo kwa njia rahisi. Majeruhi haachi kuja. Hubadilishiwa kazi.

Jumamosi yeye hulinda mabegi na funguo za magari. Hubeba maji na kusubiri upande wa pili wa daraja. Hupiga picha, hushika saa, au hutembea na wageni ambao bado hawajaweza kukimbia. Anakunywa dafu na wenzake baadaye kama kawaida. Kwenye kundi la WhatsApp anaulizwa hali, na yule aliyewahi kuumwa kama yeye anamsimulia alichukua muda gani na alikosea wapi.

Wapo pia wanaomsindikiza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, huduma inayopatikana katika hospitali kubwa, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Huko atafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja na nyonga, ambayo wakimbiaji wengi huyapuuza kwa sababu hayana msisimko wa barabarani. Akikubaliwa na mtaalamu, anaweza kuogelea au kuendesha baiskeli ili pumzi isipotee.

Siku ya kurudi, haanzi na wenye kasi. Mmoja hujitolea kukaa naye, wakikimbia dakika chache na kutembea dakika chache. Anayejitolea anapoteza mazoezi yake ya siku hiyo, naye anajua kuwa ipo siku itakuwa zamu yake.

Kundi zuri linajua pia mipaka yake. Kumfariji mtu si kumtibu. Ushauri wa dawa, sindano na vipimo unabaki kwa daktari, hata kama kwenye kundi kuna mtu mwenye majibu ya kila kitu.

Akhwari na mzazi wa Tabata

Mtanzania yeyote anayependa mbio ameisikia habari ya John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka na kuumia vibaya goti. Aliendelea, na kuingia uwanjani mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia bado inamkumbuka kwa kueleza kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Habari hiyo ni heshima kwa taifa, na huwatia watu moyo wanapochoka. Lakini uchovu na jeraha ni vitu viwili. Akhwari alikuwa amebeba bendera katika siku ambayo pengine isingerudi. Mzazi wa Tabata anatakiwa Jumatatu kuwapeleka watoto shule, kupanda daladala na kusimama kazini. Mbio za Moshi zitarudi mwakani. Kwake, kuacha mazoezi kwa mwezi mmoja ili aendelee kukimbia miaka 20 ijayo ndiko kumaliza mbio.

Ni kazi ya wenzake kumwambia hivyo, na kumwambia kwa upole, kwa sababu mgonjwa peke yake ni vigumu kujiambia.

Kwa mzazi anayetaka kuanza

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa mtoto, kucheza kunatosha. Hahitaji kufuatishwa mbio ndefu za wakubwa.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama papo hapo na kwenda hospitali.

Anza kwa kutembea, kisha changanya kutembea na kukimbia. Ongeza kidogo kidogo. Acha siku ya kupumzika. Viatu viwe vinavyokutosha. Panga mapema na mwenzako nani atabaki na watoto, maana ratiba ya nyumbani isipokubali, mazoezi hayatadumu.

Kuhusu kundi la kujiunga nalo, usiangalie fulana wala idadi ya medali. Nenda Jumamosi moja, uangalie mambo mawili: nani anakimbia na mtu wa mwisho, na majeruhi wao wako wapi. Ukiona mmoja amefunga bandeji gotini, amekaa ukingoni mwa barabara analinda mabegi huku akitaniwa na wenzake, hapo unaweza kuacha la kwako.