Mkono Nao Husoma

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kule Tabaka, Kisii, mtoto hujifunza kuchonga jiwe la sabuni kwa kushika kisu na patasi. Darasani, aghalabu, mtoto huyohuyo alikariri sifa za asidi pasipo kuiona. Maabara, iwapo ilikuwepo, ilifunguliwa mtihani ulipobisha hodi.

Mnamo 1998, Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE ili kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili. Kisii na Gucha zilikuwa miongoni mwa wilaya 9 za majaribio. Kuanzia 2003 mradi ulienezwa nchi nzima, Nyamira ikiwemo. Mwalimu alihimizwa kupunguza mihadhara na kubuni vifaa kutokana na mazingira. Ganda la yai likitiwa katika maji ya ndimu hutoa viputo vya hewaukaa, asidi imeonekana!

Hata hivyo, ubunifu huo usigeuzwe kisingizio cha kuzinyima shule za vijijini maabara. Siku ya KCSE, mtahiniwa hawekewi ndimu mezani, huwekewa bureti. Ole wake anayeishika kwa mara ya kwanza siku hiyo!