Kirusi Kinachopanda Basi

Katika mijadala yetu kuhusu serikali mtandao tumezoea kuhesabu minara, kilomita za Mkongo wa Taifa na idadi ya huduma zilizohamishiwa kwenye tovuti. Sijawahi kusikia mtu akihesabu flashi. Nasema hivi kwa sababu Julai mwaka 2025 nilitumia siku nne za likizo kijijini Galula, Wilaya ya Songwe, nikipambana na virusi katika kompyuta ya nyumbani, na kila nilipodhani nimekipata chanzo cha tatizo, njia ilinipeleka nje ya ua wetu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ilinunuliwa Tunduma ikiwa mtumba, na inatumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Inatumiwa na watu wengi kuliko mashine ya umri wake inavyostahili. Shemeji yangu hutunza humo hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini za waliochelewa kikao. Binti wa marehemu kaka yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo, aliitumia kuandaa maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Kwa msomaji asiyeyajua maombi hayo, nieleze kwa ufupi. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, kisha huichapa. Fomu hiyo hutembezwa kwa mkono: mwombaji anasaini, mdhamini anasaini, serikali ya kijiji inathibitisha, kamishna wa viapo anagonga muhuri. Kisha kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kurudishwa mtandaoni pamoja na cheti cha kuzaliwa na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Maombi huanza yakiwa ya kielektroniki, yanageuka karatasi, yanarudi kuwa ya kielektroniki. Katika kila mgeuko huo imesimama steshenari, na kati ya steshenari na nyumbani ipo flashi.

“Baba mdogo, mafaili yote yameota mshale,” ndivyo binti alivyonieleza. Nilipotazama nikaona kila folda na kila cheti kina alama ndogo ya mshale pembeni, na kila kimoja kina ukubwa uleule wa kilobaiti moja. Vyeti halisi alikuwa navyo mama yake, anayefanya biashara Tunduma. Kuvifuata kulimaanisha basi la kwenda Mbalizi, kisha barabara kuu iendayo Zambia, halafu kurudi kwa njia ileile, na dirisha la maombi lisingemsubiri. Tayari alikuwa ameshauriwa flashi “ipigwe fomati” ili ipone. Ushauri huo hutolewa kila kona ya nchi hii kwa nia njema kabisa. Flashi ingepona kweli, lakini cheti cha kifo cha kaka yangu kingefutwa pamoja na kirusi.

Kilichotokea hakikuwa upotevu. Kirusi cha aina hii ni programu fupi ya maandishi. Kikiingia kwenye flashi huyaficha mafaili halisi kwa kuyapa alama ambayo Windows huitumia kuficha mafaili yake ya ndani, kisha hutengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye flashi anapobonyeza jina analolijua, njia ya mkato humwamsha kirusi kwanza, ndipo humfungulia faili alilolitaka. Ujanja wote umo humo: mtu anapata alichokitafuta, hivyo hana sababu ya kushuku. Kirusi nacho hujinakili kwenye kompyuta, hujiandikisha katika orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine, na kukaa kikisubiri flashi inayofuata.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko juhudi. Ni lazima kwanza programu ile inayokimbia chinichini isimamishwe, kisha iondolewe kwenye orodha ya kuanzia, ndipo flashi ishughulikiwe. Anayeanza na flashi huiona safi kwa sekunde chache tu, maana mashine iliyoambukizwa huiambukiza tena papo hapo. Wengi wanaolalamika kwamba virusi hivi haviishi wamekuwa wakisafisha flashi ndani ya kompyuta mgonjwa. Mafaili yenyewe hurudishwa kwa amri fupi iitwayo attrib, iliyokuwepo tangu enzi za DOS, ambayo huondoa zile alama za kuficha. Vyeti vya binti vilitokeza vyote, salama, kwa muda usiozidi dakika moja. Jioni ile maombi yake yaliondoka.

(Niseme jambo la pembeni. Kijijini kwetu shahada yangu ya uzamivu haijawahi kueleweka vizuri. Waliosikia kwamba mimi ni daktari huniletea kadi za zahanati. Siku ile majirani wawili walileta flashi, na kwa mara ya kwanza cheo kikakaribia kufanana na kazi.)

Kompyuta haikukubali kupona kirahisi hivyo. Programu ya kuzuia virusi niliyojaribu kuiweka ilijifunga kila nilipoifungua, na mashine ilikataa kuwaka katika hali salama. Hizo ni dalili za kundi jingine kabisa. Nilipofanikiwa kuichunguza, jina lililotokea ni Sality, ukoo wa virusi unaojulikana tangu mwaka 2003. Hiki hakifichi mafaili, bali hujipachika ndani ya programu, huzima zana za ulinzi, na hufuta mipangilio inayoiwezesha Windows kuwaka katika hali salama. Kukiwinda ukiwa ndani ya mfumo uleule ambao tayari kinautawala ni kupoteza siku. Dawa yake ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo wa nje: diski ya uokoaji inayotumia Linux, iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Niliipakua usiku kwenye kompyuta yangu ya mkononi, kwa kifurushi cha simu, na mamia ya megabaiti si kitu cha kupakua mara mbili. Uchunguzi wa kwanza ulikatishwa na umeme. Wa pili ulianza alfajiri na kwisha mchana.

Hesabu za akina mama zilisalimika, kwa sababu Sality hushambulia programu na si majedwali. Nilizihamisha, nikazipitia na shemeji mstari kwa mstari mbele ya daftari lake la mkono (ambalo hakuwahi kuliacha, na alinitazama kwa namna ya kunikumbusha hilo), kisha nikapanga mfumo upya. Siku ya tatu kompyuta ilikuwa safi.

Asubuhi ya siku ya nne shemeji alirudi kutoka kuchapisha muhtasari wa kikao. Flashi yake ilikuwa na mishale.

Nilikwenda steshenari. Mwenyewe ni kijana msikivu, na anajua kuhusu virusi kuliko wahitimu kadhaa ninaowafahamu. “Mwalimu,” aliniambia, “nikiisafisha saa mbili asubuhi, hadi saa nne mteja wa tatu amekwisha kukirudisha.” Amewahi kumleta fundi kutoka Mkwajuni kwa gharama yake. Katika msimu wa maombi ya mikopo kufunga kwa siku moja ni kuwafukuza wateja wanaokimbizana na tarehe. Nilikaa kwenye benchi lake kwa saa moja hivi. Walipita waombaji wa mkopo, mwalimu mwenye mtihani wa majaribio, mzee mwenye barua ya mgogoro wa shamba, na kijana anayetuma wasifu wake kutafuta ajira. Kila mmoja alikuja na flashi na kila mmoja aliondoka nayo. Baadhi walikuwa wameshuka kwenye basi asubuhi ileile.

Dunia ilipoiona WannaCry, Mei 2017, ikiiingilia mitandao ya hospitali za Uingereza kwa saa chache, wengi waliamini kwamba zama za kirusi kinachobebwa kwa mkono zimepita. Kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya PC kilichosambaa duniani, Brain, kilitoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kikisafiri kwenye diski laini kutoka mfuko wa shati hadi mfuko wa shati. Ndugu wawili waliokitunga, Basit na Amjad Farooq Alvi, walieleza kwamba walitaka kulinda programu yao dhidi ya wanaoinakili bila idhini. Galula ya 2025 iko karibu na 1986 kuliko na 2017. Kirusi chetu hakihitaji intaneti. Hupanda basi Mbalizi na kushuka Galula kikiwa mfukoni mwa mwanafunzi.

Nchi yetu haikosi nyaraka kuhusu usalama wa mtandao. Tuna Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 na ile ya 2016. Tuna TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, yenye vifungu vinavyokataza kuvuruga data na mifumo ya kompyuta, ingawa tangu ipitishwe mjadala wa umma umekizunguka zaidi kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Hizo zote zimetazama juu, kwenye mifumo mikubwa. Steshenari haimo. Ni ofisi ya umma isiyo na bajeti ya umma: huduma za serikali hupitia pale, na gharama ya usafi wake hulipwa na kijana yule, na shemeji yangu, na binti aliyekaribia kukosa mkopo.

Sipendekezi askari wa flashi. Napendekeza tupunguze safari zake. Kama serikali ya kijiji ingeweza kuthibitisha mkazi wake ndani ya mfumo uleule anaojazia maombi, karatasi ingeondoka katikati, na flashi ingeondoka nayo. Uthibitisho wa muhuri kwenye karatasi iliyoskaniwa, kwa maoni yangu, hauna nguvu kuliko huo. Ni mazoea tu yanayoupa heshima.

Wakati huohuo mlango mwingine umefungwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 pia. Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya watetezi wa walaji kuibana kampuni, wananchi walipewa mwaka mmoja zaidi wa masasisho bila malipo. Kwingineko mtumiaji aliwekewa masharti: alipe dola 30, au atumie pointi za zawadi za kampuni, au akubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Sisi nasi tuna Tume ya Ushindani, na tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Barua kama ile ya Wazungu haihitaji mkongo wala mnara.

Kompyuta ya steshenari ile inatumia Windows 10, na kichipu hicho haina.