Matairi ya Kaskazi

Marehemu baba yangu, mvuvi wa Makunduchi, alikuwa na matanga mawili. Kubwa alilitweka pepo zilipokuwa za upole. Dogo, lenye viraka vingi, alilihifadhi darini kwa ajili ya siku za kusi kali. Utotoni nilidhani tanga lile dogo lilikuwa alama ya ufukara wetu. Sikujua kuwa itafika siku nitasimama mbele ya rundo la matairi mjini Gatineau, nchini Kanada, nikiwaza habari zake.

Katika jimbo la Québec, tangu mwaka 2008, sheria inalazimisha magari kuvaa matairi ya majira ya baridi, na tangu 2019 muda wake ni kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi. Ndugu msomaji wa pwani, bila shaka umeshaitambua miezi hiyo: ndiyo miezi ya kaskazi. Wakati nyumbani watu wanafungua madirisha wapate upepo, huku mpira wa tairi la kawaida unakakamaa. Huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya digrii 7 hivi, hata kabla theluji haijaanguka. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na meno yake huchanjwa mistari myembamba inayoshika theluji. Ubavuni hubeba alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Mwaka wangu wa kwanza na pikapu, nilidhani nimeyajua yote. Gari lilikuwa linavutwa na magurudumu yote manne. Nikasema, la nini kujitia gharamani? Nikanunua matairi yaliyokwishatumika, kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa ni kama mapya. Meno yalikuwa marefu, alama ya mlima ilikuwapo. Sikusoma tarakimu nne zilizo ubavuni: 3509, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2009. Mpira ule ulikuwa na umri wa miaka kumi, umekauka kama ngozi ya ngoma.

Asubuhi moja ya Januari 2020 nilikuwa nampeleka binti yangu skuli. Nilikanyaga breki kabla ya njia panda, na pikapu haikusimama. Haikwenda kwa kasi, la. Ilielea taratibu, kwa adabu zote, ikavuka kibao cha kusimama na kuingia katikati ya barabara. Tulisalimika kwa kuwa hakukuwa na mtu. Kuvutwa na magurudumu manne husaidia kuondoka, hakusaidii kusimama. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, aliniuliza, "Baba, mbona gari halikusikii?" Sikuwa na jibu.

Vuli iliyofuata nilimwendea mzee mmoja wa Pemba ambaye ametumia nusu ya umri wake gereji. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimwonesha picha ya rimu nyeusi za alumini, za inchi 20, zinazong'ara. Aliitazama kwa muda.

"Mwanangu, unakwenda harusini?"

Kisha alinifunza. Nichukue rimu za chuma, za inchi 17, mradi zisigusane na breki na matundu ya nati yalingane. Chuma ni kizito, kina kutu na hakina sura, lakini bei yake ni nafuu, na kikipiga shimo aghalabu hupinda badala ya kupasuka. Chumvi inayomwagwa barabarani hula urembo wa alumini mwaka baada ya mwaka. Rimu ikiwa ndogo, tairi huwa na ubavu mrefu, nalo likiwa jembamba hukata theluji badala ya kupanda juu yake. Ila kimo cha gurudumu zima kisibadilike, na tairi liweze kubeba uzito wa pikapu yenye mzigo. Matairi yawe manne ya aina moja, si mawili. Yakishafungwa katika rimu zake, kila msimu ni kufungua nati na kufunga tu, na nati zikazwe tena baada ya kilomita mia. Mwisho akaniagiza niweke magunia ya mchanga nyuma, kwa sababu pikapu tupu ni nyepesi mkiani. Basi mimi, niliyezaliwa juu ya mchanga, nikaenda dukani kununua mchanga!

Ila fedha ile ilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi mama kuwa kabla ya masika nitampelekea ya mabati, maana paa la chumba chake lilikuwa linavuja. Nilimpigia simu na kumweleza kuwa nimenunua matairi manne na rimu nne. Alinyamaza kidogo.

"Kwani uliyonayo yamechanika?"

"Hayajachanika, mama."

Nilijaribu kumweleza habari za mpira unaokakamaa, na maneno yalinikauka kabla ya mpira. Hatimaye nilimsimulia ya njia panda, ambayo nilikuwa nimemficha tangu Januari. Aliuliza jambo moja tu: mtoto alikuwa amekaa upande gani? Nilipomjibu, alisema, "Nunua." Nilikuwa nimeshanunua.

Majira yale ya baridi pikapu ilinisikia. Niliyafungua matairi katikati ya Aprili 2021, mwezi mzima baada ya muda wa sheria, kwa kuwa theluji huku haisomi kalenda. Juma lile lile mama alinipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia matone yakidondoka ndani ya ndoo. Hakuyataja, aliuliza tu kama bado kuna barafu. Mabati yaliezekwa Julai, masika yakiwa yameshakwisha.