Mtoto Asiyemjua Kinyonga

Ndugu msomaji, mtoto aliyezaliwa na kukulia katika mitaa ya Dar es Salaam anajua mengi. Huitambua pikipiki ya baba yake kwa mlio kabla haijafika mlangoni. Lakini mwulize jina la ndege aliaye juu ya mwembe wa jirani, atakujibu: "Ndege tu." Mwonyeshe kinyonga, naye atatafuta jiwe.

Jioni moja niliwakuta watoto wanne wa mtaani kwetu wamemzingira kinyonga kwenye ua wa michongoma. Mmoja alikwisha inua fimbo. Nilipouliza kosa la kiumbe yule, walijibu kwa pamoja kwamba ana sumu. Nikawaomba wamtazame macho kwanza. Tukachuchumaa. Jicho moja lilielekea mbele, la pili nyuma. Nzi akatua juu ya jani. Kufumba na kufumbua, ulimi mrefu kuliko kiwiliwili ukachomoka, na nzi akatoweka. Fimbo ikashuka. "Tungojee mwingine!" alisema yule yule aliyekuwa tayari kuua.

Kinyonga hana sumu, nao watoto wale hawakuwa na ukatili. Hakuna mtu aliyepata kuchuchumaa nao. Hilo, ndugu msomaji, ndilo ninalotaka tulitafakari sisi wazazi.

Mwezi Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini ni amana tunayopaswa kuwatunzia wajukuu wetu. Mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake hapa Dar es Salaam, na kutokana na kikao hicho ikazaliwa Roots & Shoots, jumuiya ya vijana iliyoenea katika nchi nyingi. Kazi hizo kubwa hazina budi kuanzia uani kwetu, wala hazihitaji nauli ya kwenda Serengeti.

Anza na mnazi. Chukua majani mawili ya kuti, yakunje yapitane kama msalaba, kisha yatoboe katikati na kupitisha chelewa. Hicho ni kititia. Mtoto akikimbia nacho kuukabili upepo, kitazunguka. Mwulize upepo watoka wapi, umweleze habari za kusi ya katikati ya mwaka na kaskazi ya Desemba hadi Machi. Kisha mfundishe kusuka ukili. Vidole vikimchoka, mpeleke akamtazame mnana. Dume huchana majani kwa mdomo, akayapenyeza na kuyafunga mpaka kiota kikaning'inia. Ndipo jike huja kukikagua, na asiporidhika huondoka. Mtoto aliyehangaika na ukili hatakirushia mawe kiota kile, kwa kuwa amekwisha onja kazi yake.

Mkienda ufukweni Kigamboni, mwambie kabla ya kuokota kombe asubiri kidogo. Huenda likaota miguu! Wapo kaa wasio na gamba gumu mgongoni, ambao huishi ndani ya makombe yaliyoachwa na konokono, na kila wakikua huhamia kombe kubwa zaidi. Tukiyabeba yote nyumbani kuwa mapambo, wao watahamia wapi?

Tahadhari nazo ni wajibu. Nge, tandu na nyoka hutazamwa kwa mbali. Konokono wa baharini mwenye umbo kama la pia asishikwe kamwe, maana baadhi yao huchoma kwa sumu kali. Na vya kuchezea vitengenezwe kwa vilivyoanguka au vilivyokwisha katwa, si kwa kuvunja matawi mabichi.

Leo ni Jumapili. Ukisha soma ukurasa huu, ukunje, umwite mwanao, mtoke nje. Msipojua jina la mtakachokiona, mwulizeni bibi au mzee wa jirani. Naye atafurahi kuulizwa.