Nilisema Alikuwa wa Pili

Nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji chetu hapa Suguti, nikapinga barabara yetu kupewa jina la Suleiman Nyambui. Wengi walinifuata. Nilikosea.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2022, wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi, nchi nzima ikikimbizana na Sensa ya Agosti 23. Kila njia ilitakiwa iwe na jina, kila nyumba iwe na namba, na majina yapendekezwe na wananchi wenyewe. Kwetu njia nyingi hazikuwa na jina la kuandikwa. Mgeni aliambiwa apite kwa fulani, akunje kwenye mwembe, ashuke mpaka mwaloni. Ile kubwa tu ndiyo watu waliizoea kuiita Barabara ya Godauni, kwa sababu ya ghala la pamba la zamani.

Mzee mmoja aliomba nafasi. Akasema godauni lenyewe halina pamba siku hizi, basi barabara ibadilishwe jina, iitwe ya Nyambui. Alieleza kwamba mwaka 1980 alikuwa kijana, na kwenye redio ya jirani alisikia kuwa mtoto wa Majita amepata medali ya fedha ya mbio kwenye Olimpiki ya Moscow. "Mtoto wa hapa hapa," alisema. "Tumwandike, wajukuu wasome."

Nikanyoosha mkono. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha pia michezo, na mwalimu akisimama kijijini watu hunyamaza wamsikilize. Nilisema barabara hupewa majina ya marehemu, na Nyambui yuko hai. Nikasema Majita ni Majita na Suguti ni Suguti, wenzetu wa Majita nao wana barabara zao. Watu walianza kuitikia kwa vichwa. Hapo ningeweza kukaa. Lakini nilikwisha kuona mkutano uko upande wangu, nikaongeza: "Na tukumbuke, ndugu mwenyekiti, hata huko Moscow alikuwa wa pili."

Watu walicheka. Mzee akakaa. Jina la Godauni likabaki, mtendaji akaandika, tukaendelea na njia nyingine.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipendezi. Sikuwa na kitu dhidi ya Nyambui. Kilichoniudhi ni kwamba wazo lile lilikuwa zuri na halikutoka kwangu. Mtu ambaye shule aliiacha mapema alikuwa amekumbuka jambo ambalo mimi, mwalimu wa michezo, nilipaswa kulikumbuka kabla yake. Badala ya kumuunga mkono nikatafuta hoja, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu hakosi hoja. Nawe msomaji huenda umewahi kukaa kwenye mkutano wa namna ile, ukaona jinsi ilivyo rahisi kupinga pendekezo kwa sababu tu ya mdomo uliolitoa.

Ilipita muda. Siku moja jioni tulikuwa uwanjani tukiwaandaa watoto kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kuna binti wa darasa la sita aliyekuwa akiwaacha wenzake nusu uwanja katika mita 1,500, peku, bila hata kuhema sana. Walipokaa kupumzika nikawauliza wanariadha gani wanawajua. Wakataja Kipchoge wa Kenya. Wakataja Cheptegei wa Uganda. Nikauliza: "Na wa kwetu?" Wakatazamana. Nikasema yuko Nyambui, amezaliwa Majita. Yule binti akageuka kuangalia upande wa Majita, akaniuliza: "Majita hii, mwalimu?"

"Hii hii."

"Mbona hatujawahi kumsikia?"

Sikumjibu. Nilijua jibu, nalo lilikuwa mimi. Nilikuwa nimewafundisha watoto wale miaka kadhaa, na nafasi pekee ambayo kijiji kilipata ya kuliweka jina lile juu ya nguzo, mahali wanapopita kila asubuhi kwenda shule, niliiondoa kwa sentensi moja ya kuchekesha. Nilipuliza kipenga, nikawarudisha mbioni kabla hawajauliza zaidi.

Usiku ule ndipo nilipoanza kutafuta kile nilichopaswa kukijua kabla ya kunyoosha mkono. Fainali ya mita 5,000 ilifanyika Agosti 1, 1980. Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekwisha kuchukua dhahabu ya mita 10,000, alimaliza kwa 13:20.91, Nyambui kwa 13:21.60. Tofauti haikufika sekunde moja. Filbert Bayi alipata fedha nyingine katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu Tanzania ianze kwenda Olimpiki mpaka leo, medali zetu ni hizo mbili tu. Na Nyambui huyohuyo alishika nafasi ya kwanza katika marathoni ya Berlin mwaka 1987, akarudi mwaka 1988 akashinda tena. Hilo la Berlin sikuwa nalijua kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba upande mwingine wa historia ile nilikuwa naufundisha kwa fahari. Februari 1980 bondia Muhammad Ali alitumwa na Rais Carter wa Marekani kuja Dar es Salaam kuiomba Tanzania isusie michezo ya Moscow. Mwalimu Nyerere, wa Butiama hapo jirani, hakukubali kuonana naye, na timu yetu ikaenda. Darasani nilisimulia msimamo wa Mwalimu mpaka kengele ikalia. Waliokwenda Moscow kukimbia sikuwataja.

Na Ali mwenyewe ana barabara. Mwaka 1978, katika mji wa Louisville alikozaliwa, ambao utotoni ulimbagua kwa rangi yake, mtaa wa Walnut ulibadilishwa jina ukaitwa kwa jina lake. Ulizuka ubishi, na baraza la mji likapitisha kwa kura 6 dhidi ya 5. Alikuwa na miaka 36, hai na bado anapigana. Kampala, eneo la Nakasero, kuna barabara ya John Akii-Bua, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972. Uwanja wa Eldoret una jina la Kipchoge Keino, naye yuko hai. Wala sikuhitaji kwenda mbali: Dar es Salaam, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi iliitwa hivyo miaka mingi kabla Mzee Mwinyi hajafariki, na nimeipita nikiwa kwenye daladala. Hoja yangu ya marehemu haikuwa desturi yetu. Niliibuni palepale nilipokuwa nimesimama.

Ile ya Majita na Suguti ndiyo inayonitia haya kuliko zote. Tunaoana, tunazikana, Kijita na Kisuguti tunasikilizana bila mkalimani. Nilichora mpaka ambao hata mama yangu hakuujua.

Gharama yake ni hii. Nguzo imesimama, imeandikwa Barabara ya Godauni, na jina liko kwenye mfumo wa anwani. Kuna darasa zima lililokwisha kumaliza la saba bila kulisikia jina la Nyambui kutoka kwangu. Yule mzee bado anakuja mikutanoni, anakaa nyuma, haombi tena nafasi ya kusema.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alinipa kiti, tukaongea habari za mvua na mihogo, kisha nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "mimi nimekusamehe hata kabla hujaja. Lakini ulisema mbele ya watu."

Nimemwandikia mwenyekiti wa kitongoji barua kuomba suala la jina lirudishwe kwenye ajenda. Wapo wanaosema tutawasumbua watu ambao wameshajaza anwani ile kwenye karatasi zao, na hoja hiyo ina uzito. Wana haki ya kuitoa na tutaijadili. Wakikataa, nguzo itabaki kama ilivyo. Mimi nimeomba kusema wa kwanza, na nitaanza na lile la kuwa wa pili. Nimemwomba mzee akae mbele.