Cheni ya Boda ya Marangu Anainunua Nani?

Watanzania wengi tunaoishi Uingereza tunamiliki pikipiki ambazo hatujawahi kuzipanda. Hela ilitumwa, Boxer au TVS ikanunuliwa Moshi mjini, akakabidhiwa kijana wa ukoo kule Marangu, Kibosho au Uru, na hesabu inaingia kwenye simu kila wiki. Wiki ambayo haikuingia, jibu huwa ni moja: pikipiki iko kwa fundi. Hapo ndipo lawama zinapoanza. Spea za siku hizi ni feki, fundi ni mwizi, dogo hajui kutunza. Mimi nabisha. Ukiweka pikipiki za milimani za huku kando ya boda za miteremko ya Kilimanjaro, ukatazama spea zake zinavyochaguliwa na kutunzwa, utaona kwamba tofauti kubwa haiko kwenye ujuzi wa fundi, wala kwenye ubora wa spea kwa kiasi tunachodhani. Iko kwa anayezilipia, na wakati anapoamua kuzilipia.

Huku kuna mchezo wa pikipiki uitwao traiali. Pikipiki yake ina uzito wa kilo 70 hivi, haina kiti cha maana, na mpandaji husimama juu ya vikanyagio akipita kwenye miamba, mito na matope. Akiweka mguu chini anaandikiwa pointi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano yenye heshima kubwa ni yale ya Siku Sita ya Scotland, yanayofanyika kila Mei kuzunguka mji wa Fort William, chini ya mlima Ben Nevis wenye mita 1,345. (Geti la Marangu, pale wapagazi wanapopanga mizigo, liko juu kuliko kilele hicho.) Mtu anamaliza siku zote sita kwa pikipiki ileile, na usiku inalazwa kwenye uwanja uliofungwa ili asiichokonoe. Kwa hiyo spea zinaamuliwa kabla ya safari, na swali la kwanza ni ardhi: mlima una mwinuko gani, tope ni la aina gani, gia ya kwanza inatakiwa iende polepole kiasi gani. Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda huko kwa Bultaco ya Hispania, pikipiki nyepesi aliyoshiriki mwenyewe kuiunda, akaziacha pikipiki nzito za Kiingereza zilizokuwa zimezoea kutamba. Aliyafikiria mazingira kwanza, mashine ikafuata.

Sasa turudi nyumbani. Moshi mjini ni mita mia nane na ushei juu ya usawa wa bahari, na geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi. Hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi kila unapopanda mita 1,000, na nguvu ya injini hupungua nayo. Pikipiki inayopanda hapo ilitoka kiwandani ikiwa na gia za kumridhisha kila mtu, wa Shinyanga na wa Kibosho sawasawa. Juu yake wamekaa abiria wawili wa mshikaki, au mikungu mitatu ya ndizi, au mfuko wa mbolea. Dereva anapanda kwa gia ya kwanza akiichezea klachi, na baada ya miezi kadhaa pleti za klachi zimeungua. Dawa yake ni ndogo mno: sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Kama mbele kuna meno 14 na nyuma 42, injini inazunguka mara tatu ili sproketi ya nyuma izunguke mara moja, tukiacha hesabu za ndani ya gia. Weka 13 mbele, unapata 3.23. Hiyo ni nyongeza ya nguvu ya kuvuta ya karibu asilimia 8, bila kugusa injini.

Wapo watakaosema pikipiki hiyo italia sana kwenye lami ya Himo na itakula mafuta. Ni kweli, kidogo. Kwa mzunguko uleule wa injini, mwendo wa 80 unashuka hadi 74. Lakini boda ya Kilema au Old Moshi haiishi kwenye lami; inapata riziki yake kwenye barabara za vumbi na tope jekundu zinazokatiza kati ya vihamba, ambako 40 ni mbio. Na faida hiyohiyo inaonekana wakati wa kushuka, kwa sababu gia fupi humfanya dereva aizuie pikipiki kwa injini. Madereva wengi hushuka wakiwa nyutro, wengine wakizima injini kabisa, ili kuokoa mafuta. Mzigo wote unaangukia breki ya nyuma, na breki ya ngoma ikipata joto la mteremko mrefu haishiki tena. Kibaba cha petroli kilichookolewa kinalipiwa kwa breki shuu, na mara nyingine kwa kitu kisichouzwa dukani.

Cheni ndiyo inayosema ukweli wote. Kwenye traiali, cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu cheni iliyovutika hula meno mapya na meno yaliyochakaa huvuta cheni mpya. Nyumbani zinabadilishwa kwa zamu: leo cheni, mwezi ujao ya mbele, ya nyuma mpaka meno yake yalale upande mmoja. Kabla ya hapo, cheni ikilegea na nafasi ya kuivuta nyuma ikiisha, fundi anaondoa viungo na kuifunga tena. Inakaza, ndiyo, lakini haijapona. Boda nyingi hutumia cheni ya 428, na kwenye cheni hiyo kila kiungo kina milimita 12.7, hivyo viungo 20 vikiwa vipya ni milimita 254. Vikifika 259, cheni imevutika karibu asilimia 2 na kila kiungo kimevutika vivyo hivyo, hata ukikata vingapi. Rula ya mwanafunzi wa darasa la nne inatosha kupima hilo. Asiye na rula aivute cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, basi imekwisha.

Si kila kitu cha huku kinafaa kuigwa. Wapanda traiali hujaza upepo kidogo sana, psi 4 au 5 nyuma, ili tairi laini lilale juu ya jiwe. Mfanyie hivyo dereva wa Mwika mwenye abiria wawili, atakata tyubu kwenye jiwe la kwanza na kukunja ringi. Tairi lao laini lenyewe lingekuwa kipara baada ya majuma machache ya lami. Boda inahitaji tairi gumu lenye kashata nzito na upepo unaolingana na mzigo. Kwenye ufundi pia sisi ndio wenye cha kufundisha. Huku kitu kikilegea hutupwa, wakati fundi wa Moshi anachongesha bushi kwa mtu wa mashine, anasuka spoku upya, anabandika ngozi mpya kwenye breki shuu. Moshi ina chuo cha VETA, ina SIDO, na kule Hai kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Mji wa namna hiyo hauwezi kuambiwa hauna mafundi.

Na spea feki? Zipo, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata. Lakini fundi mzoefu ana tupa kwenye boksi lake. Anaipitisha kwenye jino la sproketi: ikiteleza, chuma kimekomazwa, ikila na kutoa unga, hiyo ni ya kurudisha dukani. Tatizo ni kwamba aliyetumwa dukani ana hela ya ile laini tu.

Hapo ndipo tunapokutana na mkataba. Mpanda traiali ni mwenye pikipiki, ni dereva, na mara nyingi ni fundi. Akiahirisha cheni anajiumiza mwenyewe. Boda ya mkataba imewagawa watu hao. Maneno ya kawaida ni kwamba matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya tajiri. Cheni, breki shuu na filta ya hewa vinahesabiwa vidogo, kwa hiyo vinakatwa kwenye ugali wa dereva siku ambayo bado hajapata hesabu. Klachi na injini ni vikubwa, kwa hiyo dereva hana haraka navyo mpaka viharibike. Kwenye mkataba wa kumilikishwa mambo hugeuka tena: tajiri aliyebakiza miezi miwili ya kulipwa haoni sababu ya kununua kitu ambacho mwenzake ataondoka nacho. Kila mmoja anafanya hesabu yake vizuri kabisa, na pikipiki inakufa katikati.

Mtaniambia mchezo wa wikendi wa watu wenye karakana na mshahara haulingani na kazi ya kutafuta mkate. Haulingani, na ndiyo sababu hoja inazidi kuwa nzito. Pikipiki ya traiali ikikwama Jumapili, mwenyewe anarudi nyumbani kwa gari. Boda ikikwama Jumatatu, ada ya mtoto imekwama pia, na hesabu yako haifiki London.

Kwa hiyo, wewe mwenye pikipiki Rombo, Vunjo au Hai huku ukiwa Leicester au Reading: ufungue mkataba wako upya. Andika humo kwamba seti ya cheni na sproketi, breki shuu na tairi ni gharama ya mwenye pikipiki mpaka siku kadi inapobadilishwa jina. Mruhusu dereva apunguze meno ya mbele akiona inafaa, yeye ndiye anayeujua mlima. Mwachie siku moja ya mwezi isiyo na hesabu, pikipiki ikae kwa fundi ikiwa bado nzima, na umwombe akutumie picha ya cheni ikiwa imelazwa kando ya rula.