Kati ya India na Makaburini

Likoni niliyokulia ilijua kuchanga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni safari ya India. Daktari akishaandika kwamba tiba ya mgonjwa iko Chennai au Mumbai, barua ilisomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, ikasomwa kanisani Jumapili, na kadi za mchango zikazunguka mpaka kwa makuli wa bandarini. Ya pili ni mazishi. Hapo hata asiye na senti alileta kuni, au alikuja kukata vitunguu vya chakula cha matanga. Aliyebaki katikati, yule ambaye hospitali imemwambia arudi nyumbani ilhali bado yu hai, hakuwa na kadi.

Mwaka 2006 shangazi yangu aliingia katika pengo hilo. Alikuwa na saratani ya titi. Siku hizo, kwa hospitali za umma, mashine za mionzi zilikuwa Kenyatta peke yake kwa nchi nzima, kwa hiyo mgonjwa wa Pwani alipanda basi la usiku kwenda Nairobi, akangoja foleni, akarudi, akapanda tena. Safari ya mwisho shangazi alirudi na barua fupi na kidonda. Kadi zake za India zilikuwa zimekwisha kuchapishwa na nyingine kujazwa. Mweka hazina akaja jioni moja, kwa adabu zote, kutuuliza kama pesa warudishiwe wenyewe au “ziwekwe.” Hakuna aliyemuuliza ziwekwe za nini. Shangazi alikuwa chumba cha pili, na mlango una pazia tu.

Kidonda kilinuka. Sisemi hivi kumvunjia heshima, ila nikilificha hili habari yote haieleweki. Majirani waliozoea kushinda nasi ukumbini walianza kusalimia dirishani, kisha wakawa wanatuma watoto na bakuli la uji. Tulichoma udi na ubani mpaka shangazi mwenyewe akatuomba tuache, moshi unamkaba.

Sista wa Coast Hospice alikuja kwa feri, mkoba begani, baada ya binti wa shangazi kwenda kuwaomba. Hospisi hiyo ya Mombasa, ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilianzishwa mwaka 2001 katika uwanja wa hospitali kuu ya mkoa, na kama hospisi nyingi za Kenya haikuwa na wodi ya kulaza watu. Wagonjwa walifuatwa majumbani. Sista aliomba kijiko na kikombe. Akaponda vidonge vya Flagyl, hivi hivi vya kuharisha vinavyouzwa kila duka la dawa, akavisaga vikawa unga, akanyunyizia kidonda alichokwisha kukiosha kwa maji ya chumvi, akakifunika kwa kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Baada ya siku chache harufu ilikuwa imepungua mno. Ukumbi ukaanza kujaa tena. Nimesikiliza mawaidha mengi kuhusu kuwazuru wagonjwa, na sijaona hata moja lililofanya kazi kama vidonge vile.

Kilichozua maneno ni chupa aliyotuachia. Ilikuwa mofini ya maji. Alimwonyesha binti wa shangazi jinsi ya kuivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake na kumtilia mgonjwa kinywani: kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia mara mbili ya nyingine ili asiamshwe usiku wa manane. Akaongeza dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Ni dawa chungu kuinywa lakini si ghali. Hununuliwa ikiwa unga, ikachanganywa na maji na kitu cha kuizuia isioze. Aliyeipigania sana njia hiyo katika nchi zetu ni Dkt. Anne Merriman, aliyefanya kazi Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, kabla hajaenda kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993.

Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile mtaa ulijua jambo moja tu: huu ni mji ulioshuhudia vijana wake wakimalizwa na heroini vichochoroni, na sasa mama mtu mzima analishwa “unga” na serikali. Habari zilifika sokoni kabla sista hajafika kivukoni.

Mzee mmoja jirani yetu alibisha hodi. “Mnamlevya mama yenu,” alisema. “Saa ikifika atatamkaje shahada?”

“Ingia umsikilize mwenyewe, babu,” akajibiwa.

Alimkuta shangazi ameketi kitini, anamaliza swala ya alasiri. Kwa wiki nyingi alikuwa hawezi kuifikisha mwisho kwa maumivu. Akamuuliza mzee habari za mjukuu wake na ile posa iliyovunjika, jambo ambalo mzee hakutaka kabisa kulizungumza. Aliye na akili za kuchokonoa posa ya watu hajalewa. Ijumaa iliyofuata mzee huyo huyo alisimama msikitini kuwaambia watu walioguna kwamba dawa ile ni dawa.

Pesa zilizowekwa hazikukaa. Zililipa teksi, pampasi, maziwa, mayai, na betri za redio, kwa kuwa shangazi hakukosa taarabu za jioni. Aliishi miezi kadhaa. Alipofariki daftari lilikuwa karibu tupu, na waliokuwa wakinong’ona kwamba tumekula sanda ya marehemu wakaona watu wamechanga tena na matanga yamelishwa vizuri tu.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuwa na kikao wala katiba. Akina mama wa chama cha shangazi ndio walioanza, kwa kukusanya leso kuukuu na kuzichemsha. Kisha M-Pesa ikaingia mwaka 2007, na mtoto wa Likoni aliyeajiriwa mbali akaweza kumtumia dada yake pesa, naye akalipia chupa ya mgonjwa asiye ndugu yao. Pikipiki zilipojaa mjini, vijana wa boda boda wakazoea kumngoja sista kivukoni. Gari lingekwama kwenye foleni ya kivuko asubuhi nzima, lakini anayevuka kwa miguu halipi wala hangoji sana, na huku upande wetu hakosi wa kumbeba bure mpaka mlangoni kwa mgonjwa.

Wahisani wa nje huisaidia hospisi wakipata, na wakikosa hatuambiwi mapema. Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ya hospisi duniani, huwa kuna matembezi na fulana mahali pengi. Sina ugomvi na fulana, ingawa fedha zake zingenunua mafuta ya gari la hospisi. Mombasa imepata kituo chake cha saratani, na safari za Kenyatta zimepungua. Hata hivyo kadi ya India, sasa ikiwa kundi la WhatsApp, bado hujaa haraka kuliko mchango mwingine wowote, na sitamlaumu mtu kwa hilo.

Mtaani tuna godoro la hewa, lile lenye mota ya kulijaza upande huu na huu ili mgongo usichubuke. Linaazimwa nyumba kwa nyumba, na anayelichukua hutia sahihi. Sahihi ilianza baada ya kiti chetu cha magurudumu kupotea na kuonekana miezi baadaye kikibeba mitungi ya maji. Ramadhani leso huletwa nyingi mno, zikachambuliwa kabla ya kuvushwa hadi hospisi. Za polista hurudishwa kwa wenyewe, kwa kuwa hazinyonyi kitu, na kila mwaka kuna anayenuna.